Usiniambie Niberege

Kaa. Hicho kiti kina mguu mmoja mfupi, usiegemee kushoto.
Umekuja na wiving mpya kwenye mfuko, bado inanukia duka,
na chini ya kilemba una ya zamani, mwezi wa nne sasa.
Unataka nishonee juu kwa juu
kwa sababu kesho saa mbili una kikao Mtumba.

Dada Tupokigwe, mimi mtoto wa Bahi.
Kwetu mvua ikichelewa watu wanaberega:
wanaparua ngozi ya shamba, wanatupia uwele,
jembe halijui huko chini kuna nini.
Shamba linavumilia. Mwaka wa tatu linakupa mabua.
Usiniambie niberege kichwani mwa mtu.

Mkasi huu mdogo haukati nywele, unakata uzi.
Fundo nalipata nyuma ya sikio.
Mkanda wa kwanza unaachia
na vumbi linatoka, jekundu, letu,
lile linaloingia hata kwenye sukari iliyofunikwa.
Limejipanga katikati ya mistari
kama lilipimiwa viwanja.

Na mistari yenyewe!
Samahani, nimecheka.
Mmoja umenyooka, wa pili unakwenda kama njia ya mbuzi,
wa tano umekatika katikati ukaanza tena pembeni.
Nani alikusuka hivi? Hii si kazi ya saluni.

Hujibu. Kwenye kioo unaitazama draya.
Nyemo, anayetufulia mataulo, anazima redio bila kuambiwa.

"Mama," unasema. "Januari, Tukuyu. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari..."
Unaishia hapo,
nami uzi huo siuvuti.

Basi tubadili mwendo.
Mafuta ya nyonyo nayapasha kwenye bakuli la maji moto,
napitisha kidole mstari hadi mstari.
Nafumua kuanzia nchani. Anayeanzia kwenye shina
anavunja kisha analaumu ukoo.
Hizi zinazobaki kwenye chanuo usizitolee macho,
ziling'oka siku nyingi, zilikosa tu mlango wa kutokea.
Wa kwanza, wa pili, wa nane.
Wa tano naukwepa. Naukwepa tena.
Mwishowe nakupa chanuo: huu fumua mwenyewe.

Dakika ishirini.
Mteja wa rasta anaguna mlangoni, namwonyesha benchi.

Maji yetu ya bomba yana chumvi, yanakaza nywele kama kamba ya katani.
Naosha nayo, sawa, povu mara mbili, ncha za vidole, si kucha,
ila ya mwisho ni ya mvua niliyokinga Machi.
Nayatoa kwa kikombe. Si kila mtu anayapata.

Halafu tunasubiri zikauke mpaka kwenye ngozi.
Najua una haraka. Nikishona juu ya unyevu,
wiki ijayo utanuka kama gunia la karanga lililonyeshewa
na mkurugenzi wako atafungua dirisha.

Nasuka mipya. Kunja uso. Piga chafya ya uongo.
Ukiweza, basi haijakaza.
Hapa mbele, penye malaika ya utotoni,
sindano yangu haipiti, hata uongeze hela.

Nyumbani: chupa yenye mdomo mwembamba, mafuta kidogo, katikati ya mistari,
siyo kumimina kama unakaanga maandazi.
Lala na kitambaa laini. Ikiwasha, papasa, usipigepige kama ngoma.
Wiki ya sita rudi nifumue, uwe na kikao usiwe nacho.

Wa tano nimeupinda kidogo, ukakatika, ukaanza tena pembeni.
Hakuna atakayeuona. Wiving inapita juu yake.

Elfu thelathini. Nyemo, washa redio.
Wewe wa rasta, njoo,
ila kiti hicho kina mguu mfupi.