Bega la Sechelela

Muuzaji alianza na kubwa kuliko zote.
Akaishusha ukutani kwa mikono miwili
kama anayepokea kichanga mlangoni mwa leba,
akasema, Mzee Ndahani, hii inalaza nyati.

Nikamwambia hatuendi kwa nyati.
Tunakwenda kwa swala mmoja, kwa kibali kimoja,
pori la Kizigo, mwezi wa nane,
na atakayefyatua ni huyu hapa,
mtoto wa dada yangu, kilo arobaini na sita
pamoja na viatu.

Sechelela akacheka. Muuzaji hakucheka.

Nina kovu juu ya nyusi ya kulia.
Watu wa Bahi hudhani ni fimbo ya machungani,
nami huwaacha wadhani.
Ni darubini ya bunduki ya baba,
siku aliyonikabidhi nikiwa na umri wa huyu,
akasema, Shika kiume.
Nilishika kiume. Ikanipiga teke la punda,
nikakaa kitako penye miiba, damu ikiniingia jichoni,
na baba akacheka mpaka akakohoa.

Teke lile halikukaa begani.
Bega lilipona kwa wiki mbili na samli.
Teke lilihamia kidoleni, kisha kwenye kope:
miaka kumi na mmoja, kila nikigusa kifyatuo
nilifumba macho kabla ya mlio.
Ndivyo nilivyomvunja swala jike mguu wa nyuma.
Nilifuata matone mpaka giza likanizuia,
asubuhi nikakuta fisi wameimaliza kazi yangu.
Sijamweleza mtu. Naandika hapa
kwa sababu karatasi haicheki.

Basi tulichukua ndogo.
Mbili arobaini na tatu, mtutu mwembamba,
ya mkono wa pili, kitako kimechubuka
mahali ambapo shavu la mtu nisiyemjua
lilipumzika miaka mingi.
Risasi zake kama kidole cha mtoto, muuzaji akanung'unika.
Nikasema swala hapimi unene wa risasi;
hujua tu ilipopita.

Nyumbani nilipima kitako kwa mkono wake.
Kilizidi vidole viwili, nikavikata kwa msumeno,
nikabandika soli ya kandambili, ya bluu,
kwa gundi ya fundi viatu wa Majengo.
Shemeji yangu Masima aliiona akauliza
inakwenda kuwinda au kuoga.

Jumamosi, shimo la kokoto nyuma ya Chigongwe.
Upepo ule wetu, unaokupa vumbi utafune.
Mfuko wa saruji, duara la mkaa,
hatua themanini.
Nikamwambia, vuta pumzi, itoe nusu.
Kifyatuo usikinyakue, kikamue
kama chuchu ya mbuzi mwenye kidonda.
Hilo alilielewa upesi; amekamua tangu ana miaka sita.

Nikasimama kando nizitazame kope zake.
Duara sikulijali. Duara lingengoja.

Mlio.
Kuta za shimo zikaurudia mara mbili, bila haraka,
na kunguru mmoja akahama mti.

Sechelela akageuka, bega liko mahali pake,
uso wa mtu aliyetumwa dukani kununua chumvi tu.
Ndiyo hii, mjomba?
Ndiyo hii.
Umeona ilipopiga?

Sikuona. Wala kope zake sikuziona.
Ni mimi niliyefumba.

Tukazitembea zile hatua themanini kimya,
yeye mbele, bunduki iko wazi mkononi kama nilivyomfunza.
Tundu lilikuwa nje ya duara, kushoto kidogo,
dogo, safi, halina wasiwasi.
Akapitisha kidole cha shahada, akalichungulia jua
kwa upande wa pili wa saruji.

Tena, akasema.

Nikatoa risasi mfukoni. Ilikuwa na joto langu.
Nikampa, na safari hii
nikasimama nyuma yake, nikahesabu,
nikijifunza na mimi.