Mosi Januari, Mwaka wa Sabini

Isevya wamesikia kwamba natengeneza saa.
Basi wananiletea. Mama Nyanzala, saa ya ukutani
iliyobaki na mshale mmoja;
fundi Kasanda, Seiko ya marehemu kaka yake.
Nimechoka kueleza. Nabadilisha betri, napuliza vumbi,
kisha narudi mezani, kwenye saa isiyo na uso.

Yangu ni chipu, ndogo kuliko punje ya mahindi,
inalishwa na betri bapa mfano wa shilingi.
Mashine ikizimwa vyote vinalala,
yenyewe inabaki gizani ikihesabu
mapigo elfu thelathini na mbili,
mia saba sitini na nane, ndiyo sekunde moja.
Kiini cha mfumo kikiamka hakijui lolote.
Kinauliza: sasa ni lini?
Hapo katikati nimesimama mimi,
mistari mia tatu na kumi na miwili ya mkalimani.

Sikuiandika. Jina la juu ya faili ni la mtu
aliyeacha kujibu barua miaka sita iliyopita.
Nilianza kwa kusahihisha koma. Nikabaki.

Chipu huanza miezi kwa moja, kiini kwa sifuri;
Januari, ndani kule, ni mwezi wa sifuri.
Wenzangu wanacheka. Mimi nimelelewa
nikitazama saa inayoonyesha saba
na kutamka, bila kusita, saa moja.
Kila mtu na sifuri yake. Yetu ni macheo.

Mwezi wa tatu Kalunde alipiga simu toka Kitunda,
kwenye zahanati, mtandao ukikatikakatika.
Daftari la mlinzi: umeme umekatika saa sita usiku.
Kidude cha friji ya chanjo: joto limeanza kupanda saa tano.
"Nani mwongo?" akauliza.

Siku tatu sikuona kitu.
Ya nne nikaona kwamba jioni ile
kidude kiliwashwa saa kumi na mbili kamili,
pale pale mchana unapoukabidhi usiku funguo.
Kiendeshi kilisoma saa kwanza, kikafuata dakika,
na katikati ya kusoma na kusoma, chipu ikageuka.
Saa ya zamani, dakika mpya.
Kumi na moja na dakika hamsini na tisa
ikawa kumi na moja kamili,
kama abiria aliyekaa behewa la Kigoma,
mzigo wake kaupakia la Mwanza,
na stesheni yetu hapa imeshayaachanisha.

Dawa ni mistari minne.
Soma. Soma tena.
Zikipishana, usiamini hata moja,
rudia.

Nilipompigia Kalunde alikuwa ameshamwaga.
Alichukua saa tano ya kidude, saa nane ya mlinzi,
akapata matatu palipokuwa na mawili.
Dozi arobaini. Hakunilaumu,
aliuliza tu kama nimekula.

Usiku ule niliongeza kitu ambacho hakuna aliyekiomba.
Betri ikifa, chipu huzinduka na tarehe yoyote,
na kiini hurudi mosi Januari, mwaka wa sabini,
mama yangu ana miaka minne, yuko Usoke, hajaona saa.
Lakini chipu ina biti moja inayokiri: nilisimama.
Aliyenitangulia hakuwahi kuisoma.
Sasa naisoma kabla ya yote,
na ikiwa imewaka, kiendeshi hakibuni tarehe.
Kinasema sijui.
Ilinichukua wiki mbili kuandika hilo neno.

Mama Nyanzala amekuja kuchukua saa yake.
Nimeiwekea mshale wa pili, nimeilinganisha na setilaiti.
Anaitazama, anakunja uso,
anausukuma mshale mbele dakika tano kwa kidole.
"Iache hivi," anasema.
"Mimi nakujua inakokosea."