Paa la Gari la Mikate

Idwal ameezeka nusu ya nyumba za Blaenau,
mji ambao mvua huamka kabla ya watu.
Miaka thelathini na mmoja juu ya ngazi,
misumari mdomoni kama meno ya ziada,
na hakuna mjane hata mmoja hapa
aliyewahi kukinga ndoo chini ya kazi yake.
Nalisema hili mwanzo, ili liwe limesemwa.

Machi alinunua gari la mikate lililostaafu.
Bado lilinukia hamira ukifungua mlango wa nyuma.
Akatia plaiwudi, akatia kitanda,
jiko la gesi la vichomeo viwili, rafu yenye ukingo
ili vikombe visiruke kwenye kona.
Mapazia nilishona mimi, ya njano.
Juni tungekwenda Uskoti, hadi barabara inapokoma.
Lilibaki dirisha la paani tu:
"Nesta, utalala chali ukihesabu nyota."
Nikamwambia nyota za kwetu zinahesabika upesi.

Akachora paa zima kwenye kadibodi ya friji,
mraba mahali pake, juu kabisa ya mto wangu,
akapima, akapima tena, maana ndivyo fundi.
Kisha akapanda nayo nje,
na huko juu kadibodi ikageuka, tumbo likawa mgongo.
Upepo, anasema. Mimi ndiye niliyeshika ngazi;
upepo sikuuona.

Msumeno ulilia dakika kumi na moja.
Bati likaanguka ndani kwa sauti ya sinia,
nikamsikia akinyamaza.
Kunyamaza kwa Idwal kuna aina zake. Huku kulikuwa kupya.
Nikachungulia: mwanga wa mchana, mraba safi,
pembe zake za kupendeza,
juu ya jiko.

Mtu mwingine angeshuka akateleka birika.
Yeye akakata la pili.

Na la pili likapita kwenye ubavu wa gari,
ule mhimili mwembamba ulioshika paa lisipumue.
Tangu siku ile, ukikanyaga breki,
paa linasema ndwi, kama tumbo la mgeni mwenye aibu.

Silikoni ya bafuni, mirija sita.
Vifuniko viwili vya plastiki kutoka kwa binamu yake Gethin,
ambaye daima ana vitu, risiti hana.
Siku ya majaribio tukashuka kuelekea Trawsfynydd,
nikasikia kitu kikiondoka.
Si kishindo. Kama mtu anayevua kofia.
Kwenye kioo kilikuwa kikivuka ukuta wa mawe,
cheupe, hakina haraka.
Ndipo mvua ikatukumbuka.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wasemavyo.
Tuliyazoa. Kwa kikombe cha chai, hadi saa nne usiku,
kutoka kwenye godoro ambalo halijalaliwa.

Kifuniko tulikikuta Jumapili kwa Mererid Pugh,
kimelala chali malishoni, kondoo wanne wanakinywea.
"Kimekaa vizuri," akasema.
Tukakiacha.

Mganga hajigangi: maneno hayo nilikuwa nayo tayari
ulimini wiki nzima, nikayameza
kwa sababu Jumanne nilimwona kwenye ukungu
amepanda tena, misumari mdomoni,
na lundo la mawe ya kuezekea, yale ya zambarau
aliyoyaokoa kwenye kanisa lililobomolewa.
Akatandika fito. Akaanza ukingoni, akapanda safu kwa safu,
kila jiwe likifunika mwanya wa jirani zake,
kama alivyowafanyia wajane wote.

Magurudumu sasa yamezama vidole vitatu.
Haliendi Uskoti. Haliendi popote; mkaguzi wa magari
alilitazama, akafunga kalamu yake, akaomba chai.
Ni hatua kumi na nne kutoka mlango wa jikoni.

Jana tulilala humo. Ilinyesha kwa namna ya kwetu,
bila kuvuta pumzi.
Nikanyoosha mkono gizani, nikapapasa mbao juu yangu
nikitafuta unyevu, kwa nia mbaya kidogo.
Pakavu.
"Unafanya nini?"
"Nahesabu nyota."
Akanyamaza, na kunyamaza huku nakujua.