Tak

Naryn. Baridi inang'ata hadi kope.
Burul anazungusha ufunguo: tak.
Tena: tak.

Temirkul keshashika nyundo,
wiki nzima anaigonga stata
kama mlango wa mdaiwa.

"Iache. Inasema, husikii tu."

Analala chini ya lori, theluji ikimwingia shingoni,
anakwangua kutu ya kijani kwenye waya wa betri,
ajaribu. Tak.

Basi stata mezani, kando ya mkate:
brashi zimelika,
zimebaki unene wa ukucha wa mtoto.
Anachukua za trekta lililokufa,
anazipiga tupa mpaka zikae.

Alfajiri gia inachomoka,
inauma meno ya flaiwili,
inarudi kwake upesi;
kazi yake kuamsha, si kusafiri.

Lori linakohoa. Linakohoa. Linanguruma.

Nyundo, Temirkul ameikalia.