Mvua ya Miaka Tisa

Mzee Rennie wa mlango wa pili alinikabidhi
kama mtu anavyokabidhi kuku mgonjwa:
"Ukiweza, iponye. Ukishindwa, usinirudishie."
Ilikuwa Jumanne, Dundee, ngazi zimelowa,
nami natoka dobi la hospitali,
mikono inanuka sabuni ya shuka za watu.

Kompyuta mpakato, nyembamba kama ubao wa chuoni,
bawaba moja imelegea, herufi E imefutika kwa kubonyezwa.
Nikaipapasa ubavu huu, nikaipapasa ule:
haina tundu la santuri. Haina kinywa.
Vitundu vya flashi ni viwili, kimoja kimekufa,
cha pili kinaiona flashi na kuikana
kama ndugu uliyemkuta amesimama na wadeni wako.

Asiye na kinywa utamlishaje?
Shaame, mwanangu, miaka kumi na minne,
hakuinua macho kwenye sahani.
"Kwa kitovu, mama."

Basi tukaileta ya kwake, tukazilaza sambamba,
waya wa mtandao wa buluu, mita moja na nusu,
kutoka mbavu hadi mbavu.
Hii kongwe ikaita gizani: Nani ananijua? Naitwa nani?
Na ile, Shaame alishaifunza la kujibu,
ilipaswa kusema: Jina lako hili hapa, njoo unyonye.

Ikanyamaza. Mara nne ikanyamaza.
Saa saba usiku ikapita, Shaame kalala na viatu.
Nikasoma upya, herufi kwa herufi, kidole kwenye kioo,
nikaikuta: nukta, palipotakiwa mkato.
Nukta!
Niliwahi kukosa mshahara wa wiki nzima kwa nukta.

Nikairekebisha. Maandishi meupe yakashuka mbio,
mchele unaomiminwa kutoka guniani,
feni ikakohoa, ikapata pumzi,
na Linux ikasimama mle ndani kama mgeni
aliyeingia nyumba ya watu na viatu mkononi.

Ikauliza: Diski yote itafutwa. Tuendelee?

Ningeendelea. Lakini mgeni huyu hajui kufuli za wenyeji,
vyumba vyote vya zamani vilikuwa wazi mbele yangu,
na katika kimoja, faili moja, jina lake Elspeth.
Macho hayana pazia. Nikafungua.
Tarehe, namba. Tarehe, namba. Tarehe, namba.

Mlango wa Mskoti mzee haubishwi saa tisa usiku
ila kwa moto. Taa yake ilikuwa inawaka. Nikabisha.
Akatoka na blanketi mabegani.
"Ni namba tu," nikamwambia. "Mistari elfu tatu na ushei."
Akaligeukia dirisha. Nje, kwenye kizingiti,
kopo la bati limefungwa kwa kamba ya juti.
"Mvua," akasema. "Kila asubuhi, na rula ya shule.
Nami siku zote nilidhani anaandika madeni yangu."

Nikainakili mvua yote ya miaka tisa.
Haikufikia uzito wa picha moja ya Shaame akila chipsi.
Kisha nikabonyeza Endelea,
na diski ikawa uwanja uliofagiliwa.

Katika orodha ya lugha nikakishuhudia Kiswahili,
kimejibanza jirani na Kiswidi. Nikakichagua.
Kilikuja nusu: Sawa, Ghairi, Hifadhi,
yaliyobaki yote Kiingereza,
kama mazungumzo ya mezani kwangu.

Alhamisi alikuja na ndara, kopo mikononi,
anatembea polepole asimwage.
"Milimita sita. Andika wewe, mimi siioni hiyo E."
Nikaandika tarehe. Juu yake palikuwa na tarehe ya mwisho ya Elspeth,
na baina yao miaka miwili na kitu, hakuna hata mstari.
Nikamwuliza tujaze nini.
"Ilinyesha," akasema. "Hakuna aliyepima."

Nikabonyeza Hifadhi.
Chumbani Shaame anapiga kelele,
anataka waya wake wa buluu.