Cha Kuchovya

Loweka usiku, nilijiambia, na usiku ukapita
nikihesabu deni badala ya korosho.
Basi nimezichemsha asubuhi hii, Newala,
ukungu ungali juu ya bati la jirani
kama shuka ambalo hakuna aliyetaka kulianua.

Ni vipande. Nzima huenda mnadani.
Hizi ni za chini ya meza ya kubangulia,
zenye doa, zenye ufa, zilizovunjwa na haraka,
nami nimezimenya moja moja
kwa vidole vilivyoungua mafuta ya ganda miaka kumi na sita.
Mashine ya alama inaponikataa
humwambia karani: iulize mikorosho,
ndiyo iliyozichukua.

Nyama hakuna mwaka huu. Tulipiga kura.
Bi Somoe ana gauti,
Thekla aliacha tangu msiba, haulizwi,
na bei ya mbuzi imepanda ikakaa huko juu,
inatutazama.
"Siku ya kuvunja kikoba kila mtu alete cha shambani,"
alisema katibu, "kisicho na damu wala deni."
Nikasema nitaleta cha kuchovya.
Wakacheka. Cha kuchovya! Kama hotelini!

Haya. Pilipili kichaa kumi na moja.
Ya kumi na mbili niliiweka kando,
nikaiona imenuna, nikaitia.
Kitunguu saumu. Chumvi. Embe bichi,
maana ndimu za sokoni zilikuwa kokoto.
Mafuta ya ufuta kutoka Nachingwea,
shemeji kayaleta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi,
karatasi yake bado imebandikwa:
kijiko kimoja mara tatu.
Nikafuata.

Blenda ipo, umeme haupo.
Kinu, basi. Twanga, kwangua, twanga,
mpaka kelele ya kokoto ikawa kelele ya tope,
mpaka mchi ukawa unashikwa, unaombwa ubaki.
Onja. Hapana.
Onja. Marehemu mama angesema: hiki hakijasema kitu.
Chumvi.
Onja.
Sasa kimesema, na kimesema kwa sauti.

Saa tisa, uani kwa katibu.
Ming'oko imechemshwa, mirefu, myembamba,
imelala kwenye ungo kama kamba za viatu vya jitu.
Muhogo wa kukaanga, mabibo makavu,
na bakuli langu katikati,
rangi ya udongo wa kwetu mvua ikishanyesha.

Dadi Likokola, mweka hazina, akatangulia.
Daftari kwapani, mng'oko mkononi,
akachovya mpaka kwenye kucha.

Kimya.

Kisha jasho: paji, shingo, kola ya shati.
"Na zile za Septemba, Dadi?"
Thekla aliuliza polepole, kama anayeuliza njia.
"Ile laki na ishirini?"
Dadi alifungua mdomo, ikatoka hewa tu.
Akanyoosha mkono kuomba maji.
Tukamsogezea kalamu.

Sisemi pilipili ilipiga hesabu.
Zilipatikana jioni ile, pungufu elfu nane,
na hilo lina kikao chake.
Mchovya asali hachovyi mara moja, wanasema,
nami hiki changu sikutia asali hata tone,
lakini bakuli lilirudi limekombwa kwa kidole,
na nilikiona kidole chenyewe:
kilikuwa na wino.