Pembe Isiyokuwepo

Bendera ya kikosi imelala chali mezani,
hariri ya manjano; ukiipumulia, inatetemeka.
Zdenka amevaa glavu, anahesabu matundu:
kumi na moja ya risasi, mengine yote ya nondo.
Nondo, asema, hawakupata amri ya kusitisha vita.

Pembe moja haipo.
Daftari la makumbusho, kwa penseli:
*Imepotea vitani.*

Leo, mvua na theluji vikigombana madirishani Olomouc,
bibi mmoja kapanda ngazi na mfuko wa plastiki.
Ndani, kofia ya mtoto, ya ubatizo:
nje kitani cheupe,
bitana hariri ya manjano
na nusu ya ukucha wa tai.

"Babu aliikata kwa kisu cha mkate.
Tumebatizwa nayo sote. Mimi nililia mpaka padri akakasirika."

Zdenka anaisogeza kofia.
Uzi kwa uzi, mkato waitikia mkato.
Sindano anayo.

Hashoni.
Anachukua raba, anafuta sentensi nzima,
taratibu, asitoboe karatasi,
kisha auliza: mlikuwa watoto wangapi?

"Saba," asema bibi. Anarudia vidole.
"Wanane, ukimhesabu Bohumil."